Jiji lililosahau mashimo yake: jinsi Paris ilivyojifunza kupima ardhi iliyo chini yake

Tarehe 17 Desemba 1774, kipande cha barabara kusini mwa Paris kilizama. Hatuzungumzii shimo la kuvunja gurudumu la mkokoteni. Masimulizi yanayorudiwa mpaka leo yanataja takriban mita 300 za barabara, na kina cha karibu mita 30. Barabara yenyewe iliitwa rue d'Enfer, na neno enfer kwa Kifaransa maana yake ni jehanamu. Jina lilikuwepo zamani, kabla ya ajali, lakini unaweza kufikiria watu walisema nini asubuhi iliyofuata.

Sasa, ardhi kutitia ni jambo linalotokea sehemu nyingi duniani. Kinachoshangaza kwenye kisa hiki ni kingine kabisa: shimo lililoimeza barabara lilichimbwa na binadamu, kwa mikono, na bado hakukuwa na ofisi hata moja jijini yenye ramani ya kuonyesha lilianzia wapi na kuishia wapi. Chini ya jiji mojawapo kubwa kabisa Ulaya kulikuwa na mapango ya machimbo ya mawe, na jiji lilikuwa limeyasahau.

Siku hizi tukisikia “upimaji wa jiolojia kwa ajili ya ujenzi wa chini ya ardhi” tunafikiria mashine za kuchoronga miamba, kompyuta na picha za rangi za matabaka. Vyote hivyo vipo. Lakini kazi hii, kwa Paris, ilianza kama juhudi ya kurudisha kumbukumbu iliyopotea. Hebu tuifuate hatua kwa hatua, maana kila hatua imeacha kitu ambacho wahandisi wanakitumia hadi leo.

Jiji lililotoka tumboni mwake lenyewe

Takriban miaka milioni 45 iliyopita, mahali ilipo Paris leo palikuwa na bahari ya joto isiyo na kina kirefu. Magamba ya viumbe yakalundikana chini, yakagandamizwa, yakawa jiwe la chokaa zuri sana: laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno, gumu kiasi cha kubeba kanisa kuu. Jiwe hili ni maarufu mpaka limeipa jina sehemu ya historia ya dunia. Warumi waliuita mji huo Lutetia, na wanajiolojia wakakiita kipindi hicho Lutetiani. Hata matabaka ya umri huo yaliyoko pwani ya Kilwa na Lindi, huku kwetu, yanapangwa kwa kalenda hiyohiyo yenye jina la zamani la Paris.

Miaka milioni kadhaa baadaye bahari ilirudi nyuma, yakabaki mabwawa ya maji ya chumvi yaliyokuwa yakikauka kwenye jua. Hapo ndipo ilipotokea jasi, hasa upande wa kaskazini, kwenye vilima vya Montmartre na Belleville. Jasi ukiichoma kwa joto la wastani inapoteza sehemu kubwa ya maji yake na kuwa unga. Ukiuchanganya unga huo na maji, unaganda haraka. Kama umewahi kuvunjika mkono ukafungwa “POP” hospitalini, basi umeshavaa kitu kilichopata jina lake kutokana na vilima hivyo: herufi hizo tatu kwa Kiingereza zinasimamia plasta ya Paris.

Kwa hiyo Paris ilikuwa na bahati ambayo miji michache imepata. Mawe ya kujengea yalikuwa chini ya miguu upande wa kusini, na plasta ya kupaka kuta ilikuwa vilimani upande wa kaskazini. Warumi walichimba mawe mahali yalipojitokeza juu. Kuanzia Enzi za Kati, wachimbaji wakaanza kuingia chini. Sababu ni rahisi tu: tabaka zuri lilikuwa ndani zaidi, na ukichimba kwa chini shamba la juu linabaki kuwa shamba. Kanisa la Notre-Dame, lililoanza kujengwa mwaka 1163, lilijengwa kwa mawe ya chokaa ya eneo hilihili.

Wachimbaji walikuwa na njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuacha nguzo za mwamba wenyewe zibebe dari, huku wakichimba kuzizunguka. Ya pili ni kutoa tabaka lote, kisha kupanga nguzo za vipande vya mawe, kujenga kuta kavu na kujaza kifusi nyuma yake. Njia zote mbili zilifanya kazi vizuri kwa muda ambao mchimbaji mwenyewe alikuwa mle ndani. Tatizo ni baada ya kuondoka kwake.

Wakati huo machimbo yalikuwa nje ya mji. Mji ndio uliowafuata wachimbaji. Nyumba zikajengwa, barabara zikatandazwa, vinywa vya mashimo vikazibwa, wenye mashamba wakafa, watoto wao wakauza viwanja.

Tena, si kwamba hakuna aliyejua kabisa. Wajenzi wa kanisa la Val-de-Grâce, katikati ya karne ya 17, walikuta mapango chini ya msingi na ikabidi watumie fedha nyingi kuyaimarisha kabla ya kuendelea. Jengo la kuangalia nyota lililoanza kujengwa mwaka 1667 liliwekewa ngazi ya kushuka mpaka kwenye machimbo, na wanasayansi wakapatumia kwa majaribio kwa sababu joto la huko halibadilikibadiliki. Kila mmoja alijua shimo lake. Hakukuwa na mtu wa kuyajumlisha.

Shimo linalopanda juu

Kabla hatujaendelea, tuelewe kwanza shimo lililo mita 20 au 25 chini linaifikiaje barabara. Wafaransa wana neno lake, fontis, na utaratibu wake ni huu.

Dari ya pango ni bamba la mwamba linalojishikilia lenyewe. Maji yanapenya kwenye nyufa, nguzo inachoka, na siku moja bamba linakatika na kuanguka. Sasa dari imekuwa tabaka lililokuwa juu ya bamba hilo. Nalo baadaye linaanguka. Kidogokidogo tundu linapanda, likiwa na umbo la kengele, na linaacha kifusi chini yake.

Hapa kuna jambo la kuvutia. Mwamba ukivunjika unachukua nafasi kubwa kuliko ulivyokuwa mzima. Jaribu kurudisha udongo wote kwenye shimo ulilolichimba uone. Kwa hiyo kifusi kinavimba na kulijaza tundu kadiri linavyopanda. Kama pango la awali lilikuwa fupi na ardhi ya juu ni nene, kifusi kitaifikia dari, tundu litazibwa, na mambo yataishia hapo bila mtu kujua. Kama pango lilikuwa refu au ardhi ya juu ni nyembamba, tundu litafika juu. Safari yake inaweza kuchukua miongo, hata karne. Mwishoni kinabaki kikoko cha udongo chini ya mawe ya barabara, na mkokoteni mmoja unatosha.

Ndiyo maana mtu aliyepita rue d'Enfer tarehe 16 Desemba hangeona dalili kubwa. Pia ndiyo maana kuangalia juu peke yake hakutoshi. Unahitaji kujua vipimo vya kule chini: kina, urefu wa pango, unene wa dari, hali ya nguzo. Yaani unahitaji upimaji.

Mtu aliyepewa funguo za giza

Serikali ya mfalme ilijibu, ingawa polepole. Mwaka 1776 uchimbaji chini ya barabara za umma ulipigwa marufuku. Aprili 1777 ikaundwa idara maalumu ya ukaguzi wa machimbo, na kazi akakabidhiwa Charles-Axel Guillaumot, msanifu majengo aliyezaliwa Stockholm mwaka 1730 kwa wazazi wa Kifaransa. Inasimuliwa kwamba siku ileile alipoanza kazi, nyumba nyingine ikaporomoka kwenye rue d'Enfer hiyohiyo. Mwaka uliofuata, Julai 1778, machimbo ya jasi ya Ménilmontant, nje kidogo ya jiji, yalibomoka na kuua watu saba.

Jiweke kwenye nafasi yake. Unaambiwa uokoe jiji, lakini hujui mashimo yako wapi, hujui mangapi, na vinywa vya kuingilia vingi vimeshafunikwa. Wakazi wakisikia unachimba chini ya nyumba zao wanaogopa, na wakisikia huchimbi wanaogopa zaidi.

Guillaumot alifanya mambo matatu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kiini cha kisa hiki chote.

La kwanza, alitafuta mashimo badala ya kuyasubiri. Vibarua wake walichimba vishimo vya kushukia, wakaingia kwenye mapango yaliyojulikana, halafu wakatoboa kuelekea yale yasiyojulikana. Walipima kwa dira, mnyororo wa kupimia na timazi, wakahamishia vipimo kwenye michoro.

La pili, aliunganisha chini na juu. Chini ya barabara, watu wake walijenga njia za ukaguzi zilizofuata mkondo wa barabara yenyewe, na kuta zao zikasaidia kubeba uzito wa juu. Kisha wakachonga jina la barabara kwenye jiwe la kule chini. Kwa hiyo ukitembea na taa yako gizani, unasoma ukutani kwamba sasa hivi uko chini ya mtaa fulani. Juu ya kichwa chako kuna mtaa wenye jina hilohilo, na duka la mikate labda. Paris ikawa na pacha wake.

La tatu, aliweka kumbukumbu ya kila kazi pale ilipofanyika. Kwenye ukuta ulioimarishwa utakuta maandishi kama “1 G 1777”. Maana yake: kazi ya kwanza, chini ya Guillaumot, mwaka 1777. Mtu akipita baada ya miaka mia anajua ukuta ule ulijengwa lini na kwa amri ya nani. Wakaguzi waliomfuata waliendelea na mtindo huo kwa herufi zao wenyewe.

Hata siasa ilishuka huko chini. Sehemu zilizokuwa chini ya majengo ya mfalme na ya kanisa zilichongwa alama ya ua la yungiyungi, nembo ya ufalme. Mapinduzi yalipokuja, alama nyingi zikakwanguliwa. Guillaumot mwenyewe aliondolewa kazini na kufungwa, halafu akarudishwa baadaye, akaendelea hadi alipofariki mwaka 1807. Inaelekea wanamapinduzi nao waligundua kwamba fontis haiulizi nani yuko madarakani.

Umuhimu wa maandishi yale ya ukutani unaonekana kwenye kisa cha Philibert Aspairt, bawabu wa Val-de-Grâce aliyeshuka chini mwaka 1793 na asirudi. Mwili wake ulipatikana mwaka 1804. Chini ya jiji, kutojua ulipo ni kifo.

Wengi wanaijua sehemu hii ya historia kwa sababu ya mifupa. Mwaka 1780 makaburi ya Wasio na Hatia, katikati ya jiji, yalifungwa baada ya ukuta wa stoo ya nyumba jirani kushindwa kuhimili mzigo wa maiti, na kuanzia 1786 mifupa ikahamishiwa kwenye machimbo yaliyokuwa yameimarishwa. Inakadiriwa ni mabaki ya watu milioni sita. Watalii wanapanga foleni kuyaona. Lakini jengo hilo la mifupa ni kipande kidogo tu cha njia zinazokaribia kilomita 300 kwa jumla. Jambo lililowezesha yote ni ile kazi ya kuchosha ya upimaji.

Kutoka mashimo hadi matabaka

Ramani ya Guillaumot ilijibu swali moja: utupu uko wapi? Haikujibu la pili: mwamba wenyewe umepangikaje? Kwa mtu anayetaka kujenga kitu kipya chini ya ardhi, swali la pili lina uzito uleule.

Jibu lilitoka kwa watu wawili. Georges Cuvier alikuwa bingwa wa mifupa ya wanyama, na visukuku vyake vingi vilitoka kwenye machimbo ya jasi ya Montmartre. Alexandre Brongniart alikuwa mkurugenzi wa kiwanda cha vyombo vya kauri cha Sèvres, mtu ambaye kazi yake ilimlazimu kujua udongo. Wakazunguka bonde lote la Paris, kutoka chimbo hadi chimbo, na kuchapisha matokeo ya awali mwaka 1808, kisha kitabu kamili pamoja na ramani mwaka 1811.

Waligundua kwamba matabaka hayajatupwa ovyo. Yanafuatana kwa mpangilio uleule kwa umbali mrefu: chaki chini, juu yake mfinyanzi, halafu jiwe la chokaa, halafu jasi, na kadhalika. (Chaki hapa ni mwamba laini mweupe wa baharini. Chaki za darasani mara nyingi ni jasi, kwa hiyo usichanganye.) Tena kila tabaka lina visukuku vyake, na kwa hivyo unaweza kulitambua hata likiwa mbali na pale ulipolianzia. Katika maeneo mengine konokono wa baharini wanafuatiwa na wa maji baridi, kisha wa baharini tena. Bahari ilikuja na kuondoka.

Kwa msomi wa historia ya sayansi, hii ni habari ya umri wa dunia. Kwa fundi wa ujenzi ni habari nyingine: sasa unaweza kutabiri. Ukijua uko kwenye tabaka gani, unajua kinachofuata chini yako bila kukiona.

Utabiri huo ulijaribiwa hadharani. Mwaka 1833, Louis-Georges Mulot alianza kuchoronga kisima huko Grenelle. Hoja ilikuwa kwamba bonde la Paris ni kama mabakuli yaliyopangwa moja ndani ya lingine. Mvua inayonyesha mbali, kwenye kingo za bakuli, inapenya kwenye tabaka la mchanga, inashuka chini ya jiji na kubanwa na matabaka yasiyopitisha maji. Ukilitoboa, maji yatapanda yenyewe. Miaka ikapita, vyuma vikakatikia ndani, fedha zikaisha, wakosoaji wakacheka. Mwanasayansi François Arago aliendelea kuitetea kazi. Tarehe 26 Februari 1841, kwenye kina cha mita 548, maji ya uvuguvugu yakaruka juu. Bakuli lilikuwepo kweli.

Katika miaka ya 1850 mikondo hii miwili ikakutana. Mhandisi wa migodi Eugène de Fourcy alikusanya michoro ya machimbo kuwa atlasi ya chini ya jiji. Mwaka 1858 Achille Delesse alichapisha ramani ya jiolojia ya chini ya Paris, pamoja na ramani ya maji ya ardhini. Kwa mara ya kwanza mhandisi angeweza kuweka mezani mashimo, matabaka na maji ya jiji lilelile na kuuliza: nikipita hapa, nitakutana na nini?

Mtihani: kujenga bila kuangusha

Mtihani ukaja. Mwaka 1875 liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Sacré-Cœur juu ya Montmartre, kilima kilichojaa machimbo ya jasi. Wahandisi walikijua kilima chao. Walichimba visima 83, vyenye kina cha zaidi ya mita 30, wakapita machimbo yote mpaka kwenye ardhi imara, wakavijaza, na kulisimamisha kanisa juu yake. Jengo lile jeupe unaloliona kwenye kadi za posta lina miguu mirefu iliyofichwa.

Reli ya chini ya ardhi, metro, ilifunguliwa tarehe 19 Julai 1900 chini ya usimamizi wa Fulgence Bienvenüe. Ilipoenea, kila mwelekeo ulidai suluhisho lake kulingana na ramani. Kaskazini-mashariki, kituo cha Danube na njia inayokihudumia vilipita juu ya machimbo ya jasi ya zamani. Wakajenga nguzo za uashi zilizoshuka mpaka mita 35 hivi. Yaani ni daraja, ila limezikwa. Treni inapita juu yake na abiria hajui. Kwenye mto Seine tatizo lilikuwa mchanga na kokoto zilizojaa maji. Kwa njia ya 4, masanduku makubwa ya chuma yaliunganishwa nchi kavu na kuzamishwa kwenye kitanda cha mto, na karibu na uwanja wa Saint-Michel wakaigandisha ardhi yenyewe. Walipitisha maji ya chumvi yenye ubaridi mkali kwenye mabomba mpaka tope likawa gumu kama mwamba, ndipo wakachimba. Njia hiyo ilivuka mto mwezi Januari 1910.

Angalia tofauti. Ni jiji moja na reli moja, lakini huku nguzo, kule masanduku na barafu. Bila upimaji, fundi angeenda na mbinu moja kila mahali, na mahali pamoja ingemuua.

Ramani haimaliziki

Ungetamani kisa kiishie hapo kwa ushindi. Hakiishii hapo.

Tarehe 1 Juni 1961, huko Clamart, nje kidogo ya Paris, machimbo ya zamani ya chaki yaliporomoka kwa mkupuo na kuangusha nyumba na mitaa. Watu 21 walikufa. Hapa utaratibu ulikuwa tofauti na ule wa fontis. Nguzo moja ikishindwa, mzigo wake unahamia kwa jirani zake. Nao wakiwa wamechoka wanashindwa pia, na ndani ya muda mfupi eneo zima linashuka. Machimbo hayo hayakuwa siri. Kujua kwamba shimo lipo na kujua kwamba nguzo zake bado zina nguvu ni mambo mawili, na la pili linataka kurudiwa kila baada ya muda.

Kisha kuna jasi. Jiwe la chokaa huyeyuka polepole mno, lakini lita moja ya maji safi inaweza kuyeyusha takriban gramu mbili za jasi. Ni kidogo, ila maji ya ardhini yanatembea usiku na mchana. Viwanda na majengo ya Paris yalipovuta maji mengi kwa pampu, mtiririko wa chini ulibadilika, na mapango mapya yakajichonga mahali ambapo hakuna mchimbaji aliyewahi kufika. Eneo la kuzunguka stesheni ya Gare du Nord ni mfano unaojulikana. Mapango haya hayapo kwenye michoro ya Guillaumot, kwa sababu hayakuwepo enzi zake. Shughuli zetu zinaibadilisha ardhi tunayoipima.

Hata uchimbaji wa kisasa una mitego. Februari 2003, katika wilaya ya 13, wakati njia ya 14 ya metro ikirefushwa, uwanja wa shule ulidondokea kwenye handaki lililokuwa likichimbwa. Ilikuwa usiku, kwa hiyo watoto hawakuwepo. Fikiria ingekuwa saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko.

Leo wanapima vipi?

Vifaa vimebadilika, maswali ni yaleyale. Mashine ya kuchoronga inatoa sampuli ya mwamba yenye umbo la bomba, unaisoma kama ukurasa kutoka juu kwenda chini. Hata bila sampuli, mashine hurekodi kasi na shinikizo lake: kama ghafla inashuka bila kukuta upinzani, umeingia kwenye utupu. Kamera ndogo inafuata kwenye tundu lilelile.

Kuna pia kipimo cha mvutano wa dunia. Mwamba una uzito, pango halina. Kwa hiyo ukisimama juu ya pango, dunia inakuvuta kidogo pungufu. Tofauti inayotafutwa ni ndogo ajabu, kama sehemu moja katika milioni mia, lakini vipo vifaa vinavyoiona. Wapimaji wanavihamisha hatua kwa hatua barabarani na kuchora mahali mvutano unapopungua. Halafu wanachoronga pale tu, badala ya kutoboa jiji zima kama chujio.

Mradi wa Grand Paris Express, wenye takriban kilomita 200 za njia mpya, nyingi zikiwa chini ya ardhi, ulitanguliwa na maelfu ya matundu ya uchunguzi. Idara ya ukaguzi wa machimbo nayo bado ipo, zaidi ya miaka 240 baada ya Guillaumot. Ukitaka kujenga kwenye eneo lenye machimbo, maoni yake yanahitajika kwenye kibali chako.

Na hapo linakuja swali la pesa, ambalo halikwepeki. Kwa sheria ya kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804, mwenye ardhi anamiliki kilicho juu na kilicho chini. Inasikika kama zawadi, mpaka utakapogundua kwamba chini yako kuna pango la karne ya 15. Serikali inaangalia chini ya barabara. Chini ya nyumba yako ni jukumu lako. Familia iliyonunua nyumba ndogo inaweza kujikuta inalipia kujaza shimo ambalo faida yake ililiwa na watu waliokufa miaka 500 iliyopita. Mimi sioni jibu rahisi hapo. Lakini naona kwamba ramani ya wazi inamsaidia huyu mtu zaidi ya wote, kwa sababu inamwezesha kujua kabla hajasaini.

Ndiyo maana, kati ya mambo yote kwenye historia hii, ninalolipenda zaidi ni kifungu kimoja kikavu cha sheria ya madini ya Ufaransa: mtu yeyote anayechimba au kuchoronga kuzidi kina cha mita 10 anatakiwa kutoa taarifa. Kisima cha maji, msingi wa ghorofa, uchunguzi wa reli, vyote. Taarifa zinaingia kwenye hazina ya taifa inayosimamiwa na taasisi ya jiolojia, na sehemu kubwa yake mwananchi anaweza kuisoma bure mtandaoni. Mhandisi wa kesho haanzi sifuri, anaanza na tundu la jirani.

Miji yetu mingi inapanda juu kwa kasi, na kila ghorofa jipya huanza na mashine ya kuchoronga iliyosimama kiwanjani kwa siku mbili tatu. Ukiiona, usiangalie tope tu. Jiulize ile karatasi ya matokeo inakwenda wapi baada ya jengo kukamilika: kwenye ramani ya jiji, au kwenye droo ya mtu.